Somo la Tawi: Kuchagua Programu Huria za Picha



Somo letu la safari hii linahusu picha tunazopiga kwa simu na kamera za siku hizi, pamoja na programu za kompyuta zinazotumika kuzipanga, kuzisafisha na kuzitunza. Huenda wengine wakauliza: je, chama cha wafanyakazi kina shauri gani na programu za picha? Si kazi ya wapiga picha wa harusi hiyo? Jibu tutalitoa kwa mambo mawili yaliyotupata sisi wenyewe, huku kwetu magharibi mwa Uganda.

Katika shamba moja la chai wachumaji walilalamika kwamba mizani ya jioni inawapunja. Katibu wa tawi akafanya kazi nzuri. Kwa muda wa wiki tatu alipiga picha za mshale wa mizani, gunia la majani, na kikaratasi alichoandika karani. Kila jioni alizituma kwenye kundi letu la WhatsApp, kisha akazifuta katika simu yake ili apate nafasi. Tulipoketi na uongozi wa shamba tuliweka picha zetu mezani kwa furaha. Meneja akauliza maswali mawili tu. La kwanza: picha hizi zilipigwa tarehe ngapi? La pili: tarakimu hii ni 3 au ni 8? Hatukuweza kujibu hata moja. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ukubwa, na taarifa zilizomo ndani yake, kama tarehe na saa ya kupigwa, huondolewa. Picha za asili zilikuwa zimekwisha futwa. Fedha za wiki tatu zile hazijarudi mpaka leo.

Baada ya hapo tukasema: tupate kompyuta na programu ya picha. Tukaingia katika programu ya kukodi, inayolipiwa kila mwezi. Tukapanga picha, tukaandika maelezo ya kila moja: mahali gani, mashine ipi, nani shahidi. Kisha michango ya wanachama ikachelewa miezi miwili, kodi haikulipwa, na programu ikajifunga. Picha tulikuwa nazo, lakini maelezo yote yalibaki ndani ya programu. Tulikuwa kama mkulima aliyeweka mavuno yake katika ghala la mtu mwingine, akaja kukuta kufuli.

Kutokana na mambo hayo mawili tumejifunza neno moja, nalo ndilo kiini cha somo hili: picha ya tawi ni ushahidi na ni mali ya wanachama. Kwa hiyo tuchague chombo ambacho hakiiharibu picha ya asili, na ambacho hakuna mtu anayeweza kukifunga tukiwa kazini.

1. PROGRAMU HURIA NI NINI?

Kila programu ya kompyuta imeandikwa na watu. Maandishi yake ya asili ndiyo yanayoonyesha jinsi inavyofanya kazi, kama vile mchoro wa mashine unavyomwonyesha fundi. Kampuni nyingi huficha maandishi hayo. Mnunuzi hupewa haki ya kutumia tu, kwa masharti ya mwenye mali. Haruhusiwi kuifungua, kuitengeneza, wala kumpa mwenzake.

Mafundi wa viwandani watakielewa vizuri kisa cha Richard Stallman wa Marekani. Alikuwa akifanya kazi katika maabara ya chuo cha MIT. Maabara ile ilikuwa na mashine ya kuchapa karatasi iliyokuwa ikikwama mara kwa mara. Stallman alitaka kuiongezea maandishi kidogo ili iwajulishe watu kila ikikwama, lakini akanyimwa maandishi ya programu yake. Fundi yupo, ujuzi anao, ila amekatazwa kufungua boneti! Mwaka 1983 Stallman alitangaza mradi wa GNU, wa kuandika programu ambazo kila mtu ana haki nazo. Mwaka 1989 ikatolewa leseni iitwayo GPL, inayolinda haki hizo kisheria.

Haki zenyewe ni nne:

(a) Kuitumia programu kwa kazi yoyote.
(b) Kuyasoma maandishi yake na kuyabadili yafae mahitaji yako.
(c) Kuinakili na kumpa mwenzako.
(d) Kuwagawia wengine ile uliyoitengeneza vizuri zaidi.

Hapa yafaa tuondoe kosa moja. Programu huria si sawasawa na programu ya bure. Ziko programu nyingi za bure ambazo maandishi yake yamefichwa, na mwenyewe anaweza kuanza kudai fedha kesho. Ya huria, hata kama umeilipia, haki zake nne hubaki kwako. Wala usiichanganye na programu ya wizi, yaani ile ya kulipia iliyovunjwa kufuli. Hiyo ni kosa kisheria, na mara nyingi huja na virusi. Tawi linalodai haki kwa mwajiri lisikutwe na mali ya wizi katika kompyuta yake.

2. KWA NINI JAMBO HILI LIMEKUWA KUBWA SASA?

Zamani mtu alinunua programu mara moja, akaitumia mpaka ilipozeeka. Mwaka 2013 kampuni ya Adobe, yenye programu mashuhuri ya Photoshop, ilitangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake kubwa yatapatikana kwa malipo ya kila mwezi au kila mwaka. Kampuni nyingine nyingi zimefuata njia hiyo. Hatusemi kwamba programu zao ni mbaya. La, ni nzuri, na wapiga picha wengi wanazipenda. Tunasema kwamba tawi linalotegemea michango ya wachumaji na vibarua halina budi kufikiri mara mbili kabla ya kujifunga na kodi isiyokwisha. Msimu wa kiangazi majani hupungua, mishahara hupungua, na michango hupungua, lakini kodi ya programu haijui kiangazi.

3. MASWALI MATANO KABLA YA KUCHAGUA

Usichague programu kwa sababu kijana wa mjini ameisifu. Kaeni kamati, mjiulize:

Swali la kwanza: Kazi yetu ni ipi? Kupanga picha ni kazi moja, kuikata na kuiandika picha ni kazi nyingine, kutengeneza picha ya kamera kubwa ni kazi ya tatu. Panga halimbui jembe, na jembe halikati mti.

Swali la pili: Kompyuta yetu ina nguvu gani? Programu kubwa katika kompyuta kuukuu ni lori lililozidishiwa mzigo.

Swali la tatu: Je, programu hii huiacha picha ya asili kama ilivyo?

Swali la nne: Tukiiacha kesho, kazi yetu tutaondoka nayo? Yaani maelezo tuliyoandika yatasomeka katika programu nyingine?

Swali la tano: Nani atatufundisha, na tukikwama tutamwuliza nani?

4. PROGRAMU ZENYEWE NA KAZI ZAKE

Tutazitaja tano. Nne za kwanza zina leseni ya GPL. Ya tano nayo ni huria, na mtumiaji akitaka anaweza kuichukua chini ya GPL. Zote hupatikana kwa kompyuta za Windows, za Mac na za Linux.

digiKam. Hii ni ghala la picha. Imetengenezwa na watu wa kujitolea walio katika jumuiya ya KDE. Huingiza picha kutoka kwenye kamera au kadi, huzipanga kwa tarehe, na kukuwezesha kuandika maelezo na majina ya mafungu, mathalan "mizani", "ajali", "nyumba za wafanyakazi". Jambo kubwa ni kwamba inaweza kuyaandika maelezo hayo ndani ya picha yenyewe, kwa utaratibu unaosomwa na programu nyingine, au katika faili dogo linalokaa kando ya picha. Kwa hiyo ukihama, unahama na mizigo yako. Siku ya kwanza ingia katika mipangilio yake, uhakikishe kwamba sehemu ya kuandika maelezo imewashwa.

GIMP. Hii ni meza ya fundi. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nao ni Spencer Kimball na Peter Mattis. Toleo la 3.0 lilitoka mwaka 2025. Hutumika kukata picha, kuongeza mwanga, kuweka maandishi na mishale, kufunika sura ya mtu, na kutengeneza bango la mkutano. Ina hatari moja ya kujihadhari nayo: katika orodha ya amri zake iko amri iitwayo "Overwrite", ambayo huandika juu ya picha ya zamani. Msiiguse. Tumieni "Export", na picha mpya ipewe jina jipya.

darktable. Hii ilianza mwaka 2009. Ni ya watu wenye kamera zinazotoa picha ghafi, yaani picha ambayo kamera haijaipika. Inaacha picha ya asili bila kuigusa. Mabadiliko yote huandikwa katika faili dogo la pembeni lenye mwisho wa jina .xmp. Ni chombo chenye uwezo mkubwa, lakini hupenda kompyuta yenye nguvu na mtu mwenye subira ya kujifunza.

RawTherapee. Hufanya kazi ya namna hiyo hiyo, na mabadiliko yake hukaa katika faili la pembeni lenye mwisho wa .pp3. Ilianza kama kazi ya mtu mmoja, Gábor Horváth wa Hungaria. Mwaka 2010 aliyafungua maandishi yake kwa watu wote, na tangu hapo wengine wakaingia kumsaidia. Kazi ya mtu mmoja ikawa kazi ya wengi.

ExifTool. Hii ni ya Phil Harvey. Haina picha wala vitufe vya kubonyeza: unaandika amri kwa maneno. Kazi yake ni kusoma na kubadili taarifa zilizofichwa ndani ya picha, kama vile tarehe, saa, aina ya simu, na pengine hata mahali ilipopigwa.

Je, tawi lichague zipi? Ushauri wetu ni huu. Tawi linalopiga picha kwa simu linatoshwa na tatu: digiKam kwa kutunza, GIMP kwa kutengeneza, na ExifTool kwa usalama. Tawi lenye kamera kubwa, au lenye mwanachama anayeipenda kazi hiyo, liongeze moja kati ya darktable na RawTherapee. Msiweke zote kwa pamoja siku moja. Anzeni na digiKam, mkiizoea ndipo mwendelee.

5. UTARATIBU WA KAZI TAWINI

Programu nzuri bila utaratibu ni trekta bila dereva. Utaratibu wetu sasa ni huu:

Kwanza, kabla ya kupiga picha, hakikisha saa na tarehe ya simu ni sahihi. Piga picha mbili: moja ya mbali inayoonyesha mahali, moja ya karibu inayoonyesha tarakimu au sehemu iliyovunjika.

Pili, hamisha picha kwa waya au kwa kadi. Ikibidi utume kwa WhatsApp, itume kama hati, si kama picha. Hapo faili litafika kama lilivyo.

Tatu, weka picha za asili katika folda moja iitwayo ASILI. Humo hakuna anayebadili kitu. Nakala ya pili iwekwe kwenye diski ya nje, na diski hiyo isikae nyumba moja na kompyuta. Mwizi au moto ukija, visiondoke vyote.

Nne, andika maelezo siku ile ile: nini, wapi, lini, na nani alikuwepo. Kumbukumbu ya binadamu haikai.

Tano, kazi yoyote ya kukata au kuongeza mwanga ifanywe juu ya nakala. Picha aina ya JPEG, ambayo ndiyo ya simu nyingi, hupoteza ubora kidogo kila inapotengenezwa na kuhifadhiwa upya. Na mkimwonyesha mwajiri au mkaguzi picha iliyoongezwa mwanga, mwambieni wazi, na ile ya asili iwe mkononi. Kamwe msiongeze wala kuondoa kitu katika picha ya ushahidi. Uongo mmoja huua kweli mia.

6. KUWALINDA WENZETU

Picha inaweza kumponza mfanyakazi. Ukitoa hadharani picha ya mashine isiyo na kinga, na ndani yake imo sura ya kibarua aliyekuwa zamu, pengine yeye ndiye atakayeachishwa kazi. Zaidi ya hayo, taarifa zilizofichwa zinaweza kueleza ni simu ya aina gani iliyopiga, saa ngapi, na mahali gani hasa.

Kwa sababu hiyo, picha ya kutangazwa ifanyiwe mambo mawili. Katika GIMP, funika sura kwa rangi nzito isiyopenya. Usitegemee ukungu hafifu. Kisha ondoa taarifa zilizofichwa katika nakala ile kwa ExifTool, kwa amri hii:

exiftool -all= nakala.jpg

Baada ya amri hiyo mtaona mafaili mawili. Lenye jina lililoongezwa neno "_original" bado lina taarifa zote, kwa hiyo hilo lisitoke nje ya tawi.

Pia mwombeni mtu ruhusa kabla ya kumpiga picha. Huku Uganda iko Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Faragha ya mwaka 2019, ambayo kwa kawaida inataka mtu akubali kabla taarifa zake hazijakusanywa. Lakini hata pasipo sheria, ndugu, heshima yatosha.

7. TAHADHARI

Tusidanganyane kwamba programu huria hazina shida. Zina makosa kama kazi yoyote ya binadamu. Sura yake huwa ngeni kwa aliyezoea Photoshop. Hakuna ofisi ya kupiga simu usiku. Msaada hutoka kwa watumiaji wenzako na vitabu vya maelekezo, na vingi ni vya Kiingereza. Hata hivyo leseni inamruhusu yeyote kuyatafsiri maandishi ya programu kwa Kiswahili bila kumlipa mtu. Vijana wetu waliomaliza sekondari, hiyo ni kazi inawangoja.

La pili, chukueni programu kwa wenyewe: gimp.org, digikam.org, darktable.org, rawtherapee.com na exiftool.org. Mwaka 2015 iligunduliwa kwamba GIMP ya Windows iliyokuwa ikigawiwa katika ghala moja kubwa la programu ilikuwa imefungashwa pamoja na matangazo ambayo watengenezaji wake hawakuyakubali. Anayechota maji achote kwenye chemchemi.

La tatu ni la kufurahisha. Si lazima kila tawi liunguze bando. Tawi moja lenye intaneti nzuri lichukue mafaili mara moja, liyaweke kwenye flashi, liyapeleke kwa matawi mengine. Huo si wizi. Ndiyo haki ya tatu tuliyoitaja.

MWISHO WA KISA

Msimu uliofuata tulirudi shambani kwa utaratibu huu. Katibu yule yule alipiga picha tena, safari hii kwa saa iliyosahihishwa, na asili zikatunzwa. Meneja aliuliza swali lile lile la tarehe. Tukaifungua picha ya asili mbele yake, tarehe na saa zikaonekana, na tarakimu ikasomeka bila mabishano. Hatukupewa kila tulichodai. Lakini ilikubaliwa kwamba kila Jumatatu, kabla ya kazi, mizani ijaribiwe kwa mawe ya uzito unaojulikana, mwakilishi wa wafanyakazi akiwa amesimama pale. Jambo hilo linafanyika hadi sasa.

Tarehe ya picha haiwezi kuthibitisha kila kitu peke yake, maana saa ya simu inaweza kubadilishwa na mtu. Ndiyo sababu tunaandika na majina ya mashahidi. Chombo husaidia, na anayesimamia haki ni mfanyakazi mwenyewe akiwa pamoja na wenzake.

MASWALI YA KUJADILIANA TAWINI

1. Picha za tawi letu ziko wapi sasa hivi? Simu ya katibu ikiibiwa leo, tutabaki na nini?
2. Kuna tofauti gani kati ya programu ya bure, programu ya wizi na programu huria?
3. Ni hatari zipi katika kiwanda au shamba letu zinazofaa kupigwa picha mwezi huu? Nani atapiga, na nani atatunza?
4. Ni picha zipi tusizopaswa kuzitangaza, na kwa nini?

Kamati ziandike majibu na kuyasoma katika mkutano ujao wa tawi. Asiyejua kusoma asomewe.

Umoja ni nguvu!